Nguo Ikichakaa, Uzi Bado Una Kazi

Sisi watu wa miji ya madini tunajua jambo moja vizuri kupita wengine: kitu kilichotupwa jana kinaweza kuwa mali leo. Pale Lubumbashi kuna ule mlima mweusi, terili, uliopanda mwaka kwa mwaka kwa mabaki ya moto ya usini. Mababa zetu waliuona kuwa uchafu tu. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 2000, usini nyingine ilijengwa karibu yake kwa kutoa kobalti mu uchafu ule ule. Kolwezi vilevile: tangu mwaka 2018, kampuni ya Metalkol inarudilia kusafisha mchanga wa zamani ulioachwa na usini, na inapata mule shaba na kobalti. Mali ilikuwa mule ndani siku zote. Ilikosa tu mtu wa kuitenga na udongo.

Leo tuangalie takataka nyingine, ile isiyokuwa ku usini bali nyuma ya nyumba yako: nguo zilizochakaa. Je, mule ndani pia kuna mali? Jibu ni ndiyo. Lakini ni sawa na madini: mali haitoki bila kuchagua. Na mtu asiyejua kuchagua anaweza kuingiza hasara, hata ugonjwa, mu nyumba yake.

NGUO INATOKA WAPI, INAENDA WAPI?

Unajua safari ya nguo za friperi. Zinafungwa Ulaya, Marekani ao Asia, zinapanda merikebu, kisha kamio, zinapita Kasumbalesa, na mwisho mama anafungua bale mu soko ya Kikula. Majirani wetu wa Zambia wanaziita salaula, Watanzania na Wakenya wanasema mitumba. Si kidogo zinazoingia Afrika. Kenya peke yake iliingiza karibu tani 185,000 mwaka 2019.

Nguo ikifika nyumbani, inavaliwa na mkubwa, kisha mdogo wake, kisha mdogo wa mwisho. Ikipasuka inakuwa shifo ya kupangusa meza, halafu shifo ya kupangusa chini. Mpaka hapo, mama wa Likasi ni fundi kabisa, hahitaji mwalimu. Shida inaanza siku anaposema: "Hii njo imeisha, tupa ku kanivo." Mvua ikianza kunyesha, ile nguo inakutana na mifuko ya plastiki, inafunga njia ya maji, na maji yanaingia mu parsel za watu. Wengine wanaichoma. Wengine wanaitumia kwa kuwashia makala mu mbabula, pale pale watoto wanapongoja chakula.

Usifikiri kwamba mataifa tajiri yamekwisha kumaliza shida hii. Mwaka 2017 shirika la Uingereza, Ellen MacArthur Foundation, lilionyesha kwamba, mu dunia nzima, hata sehemu moja juu ya mia ya vitu vinavyotengeneza nguo hairudi kuwa nguo mpya. Kwa nini ni hivi? Kwa sababu nguo ya leo ni mchanganyiko. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa mu dunia leo ni poliyesta, ambayo inatoka ku petroli. Pamba inatoka shambani. Shimiji moja inaweza kuwa na zote mbili, zimesokotwa pamoja, na juu yake vifungo, zipu na rangi. Kuzitenganisha ni kazi ngumu.

Basi watu wenye akili walijiuliza: kama uzi huu hauwezi tena kuwa nguo, hauwezi kuwa kitu kingine? Ubao? Ukuta? Mlango wa motokari?

NDOA YA UZI NA UDONGO

Kitu kinachotengenezwa kwa kuunganisha nyuzi na kitu kingine kinachozishika, wataalamu wanakiita kompozite. Jina ni geni, lakini kitu chenyewe ni cha zamani sana. Wasomaji wa Biblia wanakijua. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 5, Farao anakataza kuwapa Waisraeli majani makavu ya kufanyia matofali. Umekwisha kujiuliza majani yale yalikuwa ya kazi gani? Hayakuwa ya kupamba. Udongo peke yake, ukikauka, unajivuta na kupasuka. Majani yanaushika, nyufa zinakuwa ndogo, na tofali linakauka likiwa zima.

Kila mmoja mu ndoa hii ana kazi yake. Udongo unaweza kubeba uzito, lakini ukivutwa unakatika. Uzi unaweza kuvutwa sana bila kukatika, lakini ukiusimamisha unaanguka. Uwaweke pamoja: uzi unakataa kuvutwa, udongo unakataa kukandamizwa. Mahali pa udongo unaweza kuweka simenti, ao kole, ao plastiki iliyoyeyuka. Mahali pa majani unaweza kuweka katani, ao nguo ya pamba iliyokatwakatwa. Kanuni ni ile ile.

Lakini ndoa nyingi zinavunjika kwa sababu wawili hawakupatana tangu mwanzo. Hata hapa ni vile. Nitakupa mifano miwili ya kweli, mmoja wa Ulaya na mmoja wa Afrika ya mashariki.

MOTOKARI ILIYOVAA PAMBA

Baada ya vita kuu ya pili, Ujerumani iligawanyika mara mbili. Upande wa mashariki ulikuwa na upungufu wa bati la chuma la kutengenezea motokari. Mafundi wa mji wa Zwickau wakatafuta njia. Walichukua mabaki ya pamba yaliyotoka Urusi na nchi zilizoungana nayo wakati ule, takataka ya usini za pamba kabisa. Waliyapanga tabaka juu ya tabaka, wakaweka mule kole ya unga inayoitwa fenoli, wakabana yote mu mashini yenye moto mkali. Ikatoka kitu kigumu, chepesi, kisicholiwa na kutu. Walikiita Duroplast. Mifupa ya motokari ilikuwa chuma, lakini milango na ngozi yake ya nje ilikuwa ile pamba.

Motokari hiyo ni Trabant. Ilitengenezwa tangu mwaka 1957 mpaka 1991, na zilitoka karibu milioni 3. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba vitambaa vilivyotupwa haviwezi kufanya kitu cha maana, mwambie juu ya Trabant.

Lakini usiishie hapo, msikilizaji wa nusu anapotea. Ujerumani ilipoungana tena mwaka 1990, watu wengi waliacha Trabant zao kando ya barabara na kununua motokari zingine. Chuma kiliyeyushwa tena. Ngozi ya Duroplast ilikataa. Fikiri juu ya buji na yai. Buji ukiiyeyusha, inaganda, na unaweza kuiyeyusha tena. Yai ukilichemsha, halirudi kuwa maji hata ufanye nini. Kole ya fenoli ni kama yai: ikiisha kukauka mu moto, hairudi. Na ukiichoma, moshi wake ni sumu. Ile pamba iliyookolewa mara moja haikuweza kuokolewa mara ya pili.

Fundisho la kwanza njo hili: kabla ya kuunganisha uzi na kitu, uliza siku ya mwisho itakuwa namna gani.

MATOLE YA KATANI

Mfano wa pili uko karibu na sisi. Miaka ya 1980, mu Kenya na nchi zingine za Afrika, mafundi walifundishwa kutengeneza matole ya nyumba kwa simenti, mchanga na katani iliyokatwa vipande vifupi. Bei ya manjanja ya chuma ilikuwa juu, na katani inamea kwao. Ilionekana ni dawa nzuri sana.

Mwanzoni matole yalikuwa na nguvu. Baada ya miaka, mingi ikaanza kupasuka. Sababu ilielezwa wazi katika uchunguzi uliofanywa Sweden mwaka 1983: simenti iliyokutana na maji ina ukali, sawa na maji ya majivu tunayoyajua. Ukali ule unakula polepole uzi wowote wa mmea. Kwa nje tole linaonekana zima, lakini ndani uzi umeisha kuoza. Udongo haufanyi vile, kwa sababu hauna ukali huo. Kwa hiyo ukuta wa udongo na majani, ukiwekwa mbali na maji, unaweza kusimama muda mrefu kupita tole la simenti na katani.

Mafundi hawakuacha kazi. Waliacha matole marefu, wakatengeneza vigae vidogo vinavyobebwa vizuri na mbao, na mwishowe wakatoa katani kabisa, wakabaki na mchanga na simenti. Hiyo ni heshima ya fundi: akiona kitu hakipatani, anabadilisha.

Fundisho la pili: uzi wa mmea na simenti hawakai pamoja miaka mingi. Usiwape kazi ya kulinda kichwa cha mtoto.

WATU WANAFANYA NINI LEO?

Mu Ufaransa kuna shirika Le Relais, lililoanza mwaka 1984 katika jamaa ya Emmaüs, ile kazi ya Abbé Pierre kwa maskini. Kazi yake ni kukusanya nguo na kuzichagua, na kwa njia hiyo kuwapa kazi watu waliokosa kazi. Nguo nzuri zinauzwa. Zile za pamba zilizochakaa, zaidi sana jinsi, zinararuliwa mpaka zinarudi kuwa nyuzi, na zinafanywa matela ya kuweka ndani ya ukuta na chini ya paa ili baridi isiingie. Tangu mwaka 2007 wanaiuza kwa jina la Métisse. Angalia: wanaitia dawa kwanza, ili isishike moto haraka na isiote ukungu. Usijaze nguo kavu mu plafo ya nyumba yako ukifikiri ni kitu kile kile. Cheche moja ya waya wa umeme inatosha.

Mu Paris kuna kazi nyingine, FabBrick, inayokandamiza nguo zilizokatwakatwa pamoja na kole, na kupata matofali ya kupamba ndani ya nyumba na kupunguza kelele. Si matofali ya kubeba nyumba. Nairobi kuna Africa Collect Textiles, wanaokusanya nguo zilizochakaa, wanazichagua, na kutengeneza mule tapi na vitu vingine.

Umeona? Wote, tajiri na maskini, wanaanza na neno moja: kuchagua.

HAPA KWETU LIKASI TUFANYE NINI?

Hatuna mashini ya Zwickau. Lakini tuna mikono, makasi, na vijana wengi. Hizi ndizo hatua ambazo jamaa ao kikundi cha vijana kinaweza kufuata.

1. Jua uzi wako. Kata uzi mdogo wa nguo, ushike kwa pensi ao koleo, nje ya nyumba, mbali na watoto, na uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi na inaacha majivu laini. Poliyesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje ngumu nyeusi. Angalisha: lile tone likianguka ku ngozi linashika na kuunguza vibaya. Kama unaona majivu na punje pamoja, ni mchanganyiko.

2. Anza na matumizi mepesi. Kabla ya kufikiri kompozite, uliza kama nguo inaweza kushonwa tena. Kikwembe kilichopasuka kando kinaweza kuvalisha mtoto. Pamba safi inafaa kwa shifo za gareji, maana inakunywa mafuta; poliyesta haiyanywi vizuri. Vipande virefu vya kila namna vinaweza kusukwa kama nywele na kushonwa kuwa tapi ya mlangoni. Kazi hii haiombi kole wala moto, na siku ya mwisho tapi inaweza kufumuliwa tena.

3. Pamba na udongo. Pamba isiyofaa tena, ikate vipande vya santimetri 2 ao 3, uichanganye na udongo wa kupaka ukuta ndani ya nyumba. Usitafute kipimo kwa jirani, kwa sababu udongo wa kichuguu na udongo wa mtoni si mamoja. Fanya majaribio matatu: ndoo moja ya udongo na konzi moja ya vipande, ndoo ya pili konzi mbili, ndoo ya tatu konzi tatu. Paka kila moja fasi ndogo ku ukuta, ungoja juma zima, uangalie ni ipi imepasuka kidogo kupita zingine. Hiyo ndiyo yako. Usiweke nguo mu matofali ya kuchoma: moto utaikula, utabaki na matundu, na kama kuna poliyesta, watu wa tanuru watavuta moshi mbaya.

4. Nguo na simenti. Hapa vijana wanafurahi. Chukua taulo ao kipande cha blanketi, ukiloweshe mu simenti laini iliyo nzito kama uji, ukifunike juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuvalishwa plastiki, ukiache kivulini siku chache huku unakinyunyizia maji. Ukikitoa, una chungu cha maua chenye mikunjo mizuri. Toboa chini tundu la kupitisha maji. Lakini vaa gants, simenti mbichi inakula ngozi. Na kumbuka matole ya katani: kwa chungu cha maua haina neno kama nguo itaoza mule ndani kisha miaka. Kwa kiti, kwa ngazi ao paa la nyumba, ina neno kubwa.

NGUO AMBAZO HAZIINGII MU NYUMBA

Sasa nisikilize vizuri, zaidi sana wewe mama ambaye mume ao mtoto wako anafanya kazi mu machimbo ao ku usini.

Mwaka 2018, wachunguzi wa Universite ya Lubumbashi na wa Universite ya Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao mu kartiye ya Kasulo, Kolwezi, fasi watu walichimba kobalti kati ya nyumba. Waliikuta kobalti mu vumbi la ndani ya nyumba, na mu damu na mkojo wa watu. Watoto walikuwa nayo nyingi kupita watu wakubwa. Mtoto haingii mu shimo. Basi vumbi lilimfuata mpaka nyumbani.

Nguo ya machimbo inabeba vumbi kila siku. Kwa hiyo kombinezo ya mchimbaji, hata ikichakaa na kulainika namna gani, haifai kuwa muto wa mtoto, wala tapi ya kulalia, wala shifo ya kupangusa sahani. Usiikate kwa makasi mu nyumba, maana kukata kunarusha vumbi. Ikiwa bado inavaliwa, ivuliwe nje, isikung'utwe ndani, ifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe fasi watoto wanachezea. Nguo iliyomwagikiwa asidi ya usini nayo iachwe mule mule kazini. Kazi ya kuokoa uzi haina maana kama tunapoteza afya ya mtoto.

Jambo lingine: shifo zenye mafuta ya rangi ya mbao, kama mafuta ya kitani, zisirundikwe. Zinaweza kujipasha moto zenyewe na kuwaka. Zitandaze nje zikauke, ao uziweke mu kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

NENO KWA VIJANA

Kijana, pengine unauliza: "Mchungaji, hii italeta franga?" Swali ni zuri, na jibu ni hili: hesabu kwanza. Kabla ya kutengeneza vyungu ishirini, tafuta watu wawili watakaonunua. Andika bei ya simenti, rangi, transporti, na masaa uliyotumia. Kama bei ya kuuza haifuniki ile hesabu, badilisha kitu, ao acha. Mtu akija na mashini ya ajabu, anaomba mchango wa kila memba kwa sababu "nguo zitageuka kuwa mbao," muulize maulizo matatu: ni nguo gani, ni kole gani, na mbao zikivunjika zitaenda wapi? Kama hana jibu, mfuko wako ubaki umefungwa.

Kikundi cha watu watano kinaweza kugawa kazi: mmoja anakusanya, wawili wanachagua na kufua, mmoja anasuka ao kumimina, mmoja anauza na kuandika hesabu. Anayechagua asidharauliwe. Mu kazi hii yeye ni kama mtu wa laboratware ku usini: akikosea, mali yote inaharibika.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Juma hili nyumba yetu imetupa nguo ngapi, na zimeenda wapi?
2. Ni nani kati yetu anaweza kuonyesha wengine tofauti ya pamba na poliyesta?
3. Nguo za kazi za baba ao za kaka zinavuliwa wapi, na zinafuliwa pamoja na za nani?
4. Mu kanivo ya avenyu yetu kuna nguo? Siku gani tutazitoa pamoja na majirani, mbele ya mvua ya kwanza?

Anzeni na ulizo la tatu. Lile halingoji mwezi ujao.